Nakala Moja, Bei Nne: Kisa cha Action Comics Namba 1 Iliyoibiwa Nyumbani kwa Nicolas Cage

Mwezi wa Aprili 2011, katika bonde la San Fernando, jimbo la California, mtu aliyekuwa amenunua kwa mnada mizigo iliyokuwa ndani ya ghala dogo la kukodi alikuta humo jarida la katuni la zamani. Habari zake zilimfikia Stephen Fishler, mfanyabiashara wa New York ambaye kampuni yake, Metropolis Collectibles, imejijengea jina kwa kununua na kuuza majarida ya aina hiyo. Lilikuwa toleo la kwanza la Action Comics, lenye tarehe ya Juni 1938. Baada ya uchunguzi ilithibitika kwamba ndiyo nakala iliyoibiwa Januari 2000 nyumbani kwa mwigizaji Nicolas Cage mjini Los Angeles, siku ambayo alikuwa na wageni wa karamu.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu ni nadra kupata kitu kilekile kimoja ambacho bei zake zinajulikana katika nyakati nne tofauti. Jarida hili liliuzwa kwa senti 10 mwaka 1938. Cage alilinunua katika miaka ya 1990 kwa takribani dola 150,000. Mwezi wa Novemba 2011 liliuzwa mnadani kwa dola 2,161,000. Na Januari 2026 ikatangazwa kwamba limeuzwa kwa makubaliano ya faragha kwa dola milioni 15. Kurasa ni zilezile, na katika miaka hiyo hakuna mtu aliyeziongezea kitu. Anayetaka kuelewa jinsi majarida ya kale ya mashujaa yanavyothaminiwa anaweza kujifunza mengi kwa kuuliza ni nini hasa kilichoongezeka kati ya bei moja na nyingine. Jibu langu, ambalo nitajaribu kulitetea hapa, ni kwamba kilichoongezeka zaidi ni uwezo wa kuthibitisha mambo kuhusu nakala hii, na kwamba mwizi, bila kukusudia, ndiye aliyeamua iingie sokoni wakati gani.

Tuanze na jarida lenyewe. Action Comics namba 1 ndimo Superman alimotokea kwa mara ya kwanza, na ndiyo maana wakusanyaji wengi hulihesabu kuwa mwanzo wa mashujaa wote wa katuni waliofuata. Jerry Siegel, mwandishi, na Joe Shuster, mchoraji, vijana wawili wa Cleveland, walikuwa wamehangaika kwa miaka kadhaa wakitaka hadithi yao ichapishwe magazetini kwa vipande vifupi vya michoro ya kila siku, wakikataliwa kila walikobisha hodi. Mchapishaji alipoikubali hatimaye kwa ajili ya jarida, walikata michoro waliyokuwa wameiandaa kwa magazeti na kuipanga upya ili ienee kwenye kurasa. Kwa hadithi hiyo ya kurasa 13 walilipwa dola 130, na kwa malipo hayo wakaachia haki zote za mhusika wao. Nasikitika kila ninapolisoma hilo. Hundi waliyolipwa, iliyojumlisha na kazi zao nyingine na kufikia dola 412, nayo iliuzwa mnadani mwaka 2012 kwa dola 160,000.

Inakadiriwa kwamba zilichapishwa nakala 200,000 hivi, na zinazofahamika kuwa zimebaki ni kama 100. Uhaba huo una sababu za kawaida kabisa. Jarida lilichapishwa kwa karatasi ya gazeti, ile inayotengenezwa kwa rojo la mbao lisilosafishwa sana, ambalo lina asidi na lignini (kiambato cha asili cha mbao) ndani yake. Karatasi ya namna hiyo hugeuka manjano, kisha kahawia, kisha huanza kuvunjika kwenye kingo hata kama hakuna aliyeigusa. Pini mbili zinazoshika kurasa hushika kutu katika unyevu, na kutu huhamia kwenye karatasi. Zaidi ya hayo, msomaji aliyekusudiwa alikuwa mtoto. Alilikunja, akaliweka mfukoni, akamwazima mwenzake, na toleo lenyewe lilikuwa na shindano lililowaalika watoto wapake rangi ukurasa mmoja na kuutuma kwa wachapishaji, kiasi kwamba hata mtoto mtiifu aliyefuata maagizo aliharibu nakala yake. Kisha ikaja vita kuu ya pili ya dunia, ambapo familia za Marekani zilihimizwa kutoa karatasi chakavu kwa ajili ya mahitaji ya vita, na marundo ya majarida ya zamani yakaenda na mkondo huo.

Lipo jambo lingine ambalo husahaulika. Mwaka 1938 hakuna aliyejua kwamba toleo hili lilikuwa na umuhimu. Hata mchapishaji alikuwa na wasiwasi na picha ya jalada, ile ya mtu aliyevaa joho jekundu akiinua gari la kijani juu ya kichwa chake, na katika matoleo yaliyofuata mara moja Superman hakuwekwa kwenye jalada. Alirudi katika toleo la 7. Kwa hiyo anayemiliki leo nakala nzuri anamiliki kitu kilichookoka kwa bahati tu, maana hakuna aliyekuwa akikitunza kwa makusudi ya kukiuza. Majarida yaliyochapishwa katika miaka ya 1990, ambayo watu walinunua kwa wingi na kuyahifadhi kwa matumaini ya utajiri, yapo tele hadi leo na mengi hayana thamani kubwa, kwa sababu yalitunzwa na kila mtu.

Cage alipoinunua nakala yake, soko lilikuwa na mwongozo wa bei uliokuwa ukitolewa na Robert Overstreet tangu mwaka 1970, pamoja na msamiati wa maneno ya kueleza hali ya jarida: zuri, zuri sana, linalokaribia upya, na kadhalika. Tatizo lilikuwa kwamba maneno hayo aliyatamka muuzaji mwenyewe. Yeye aliyetaka bei ya juu ndiye aliyesema jarida liko katika hali gani, na mnunuzi alibaki na macho yake na imani yake kwa muuzaji. Kazi za ukarabati, kama vile kupaka rangi mahali palipochubuka, kuziba tundu kwa karatasi nyingine, au kukata kingo kidogo ili zionekane zimenyooka, zilikuwa rahisi kufichika. Dola 150,000 za wakati ule zilikuwa fedha nyingi mno kwa kitabu cha katuni, lakini ndani ya bei hiyo kulikuwa na punguzo kubwa la mashaka, kwa sababu kila mnunuzi mwenye akili alijiwekea nafasi ya kudanganywa.

Mwaka uleule wa 2000 ambao nakala iliibiwa ndio mwaka ambao Certified Guaranty Company, inayojulikana zaidi kwa herufi CGC, ilianza kupokea majarida ya watu na kuyapa madaraja kwa ada. Kampuni hiyo hainunui wala haiuzi. Huhesabu kurasa ili kuhakikisha hakuna iliyopungua, hutafuta dalili za ukarabati, huwapa wakaguzi zaidi ya mmoja jarida lilelile walipime, kisha hutoa namba kati ya 0.5 na 10.0 na kulifunga jarida ndani ya kasha la plastiki lenye lebo. Lebo ya buluu inamaanisha jarida halijakarabatiwa. Ya zambarau inamaanisha limekarabatiwa, na bei yake hushuka sana hata kama kwa macho linavutia kuliko la buluu. Kwa utaratibu huo, watu wawili wasiofahamiana, mmoja akiwa New York na mwingine akiwa katika mji ambao hajawahi kuutoka, waliweza kukubaliana bei ya kitu ambacho mnunuzi hajakishika mkononi. Soko la majarida ya kale likapanuka kutoka kwenye maduka na maonyesho ya wachache hadi kwa watu wenye mitaji mikubwa waliohitaji namba ya kuiamini.

Nakala ya Cage haikuwepo wakati mabadiliko hayo yote yakitokea. Ilikuwa imefichwa. Cage mwenyewe aliuza sehemu kubwa ya mkusanyo wake mwaka 2002 kupitia kampuni ya mnada ya Heritage, majarida zaidi ya 400, na mauzo yakazidi dola milioni 1.6. Hapa ndipo ninapoona kiini cha kisa. Kama nakala ya Action Comics namba 1 ingalikuwa bado ukutani au kabatini mwake mwaka ule, haielekei kwamba angeiacha nje ya mnada huo ilhali alikuwa akiachana na mkusanyo wenyewe. Ingeuzwa kwa bei ya 2002, kabla ya jarida lolote kuvuka dola milioni moja. Fishler alilisema hilo waziwazi baadaye, kwamba mwizi alimtengenezea Cage fedha nyingi, na kwa hesabu tupu maneno yake ni ya kweli. Lakini nisingependa mtu aondoke na picha kwamba wizi ni aina ya akiba. Katika miaka hiyo 11 jarida lingeweza kuloweshwa, kuliwa na wadudu au kutupwa na mtu asiyelijua, na ghala la kukodi si mahali pa kuhifadhia karatasi ya mwaka 1938. Kwamba liliibuka likiwa zima ni bahati ambayo hakuna mthamini anayeweza kuiweka kwenye hesabu zake.

Swali la bima linahitaji kutazamwa kwa makini. Baada ya wizi, Cage alilipwa fidia. Katika bima ya vitu adimu kuna njia mbili kuu za kuweka thamani: kukubaliana kiasi mapema na kukiandika kwenye mkataba, au kungoja hasara itokee ndipo bei ya soko ya siku hiyo itafutwe. Njia ya pili huonekana ya haki, lakini kwa kitu ambacho huuzwa mara moja katika miaka kadhaa, bei ya soko ya siku hiyo ni makisio tu, na kila upande utaleta mthamini wake. Njia ya kwanza huondoa ubishi, ila humtaka mwenye mali arudi kwa bima kila baada ya muda kurekebisha kiasi, jambo ambalo wakusanyaji wengi hulisahau hadi siku ya msiba. Kuna pia jambo la haki baada ya malipo: kwa kawaida, kampuni iliyolipa fidia kamili ya wizi hupata madai juu ya mali ile ikipatikana, kwa hiyo aliyeibiwa hawezi kuchukua fidia na kisha kurudishiwa kitu chake bila mapatano na kampuni hiyo. Jarida likiwa limepanda thamani zaidi ya mara kumi katikati, mapatano hayo yana uzito mkubwa. Cage alipopata habari za kupatikana kwa nakala yake, alisema ni majaliwa ya Mungu na kwamba anatarajia urithi huo urudi kwa familia yake.

Na yule aliyenunua mizigo ya ghala? Hakuiba, na fedha alilipa. Hata hivyo, kanuni ya sheria katika majimbo ya Marekani ni kwamba mwizi hana umiliki wa kumpa mwingine, na aliyenunua kutoka kwake au kutoka kwa aliyenunua kwake hapati zaidi ya alichokuwa nacho muuzaji. Kwa sababu hiyohiyo, mwizi wa kitu maarufu hujikuta amebeba mzigo asioweza kuuteremsha. Wafanyabiashara wakubwa wa majarida haya hawazidi wachache, wanajuana, na polisi wa Los Angeles wana kitengo kinachoshughulikia wizi wa kazi za sanaa ambacho kilikuwa na kumbukumbu za kesi hii. Nakala ya hali ya juu kama ile isingeweza kutokea mezani kwa muuzaji yeyote bila kuulizwa ilikotoka.

Utambuzi wa nakala moja kati ya 100 unawezekana kwa sababu majarida yaliyotoka kwenye mtambo mmoja hayafanani kabisa. Jalada la moja limekatwa likielekea kushoto kidogo. Pini za lingine zimepigwa juu zaidi. Kuna doa la wino, mkunjo kwenye pembe, tarehe ya kupokelewa iliyoandikwa kwa penseli na muuza magazeti, kivuli cha vumbi mahali ambapo jarida la juu yake halikufunika vizuri. Picha safi za jalada la mbele, la nyuma na mgongo, zilizopigwa kabla ya wizi na kuhifadhiwa mahali pengine, hugeuza alama hizo kuwa ushahidi. Naona wakusanyaji wanaolipia makabati ya chuma na kengele za usalama huku hawana hata picha moja inayoonyesha mgongo wa jarida lao, na huo ni mpangilio uliopinduka, maana kabati hufanya kazi kabla ya wizi tu, lakini picha hufanya kazi hata miaka 11 baadaye.

Baada ya kupatikana, nakala ilipelekwa CGC na kupewa daraja la 9.0, la juu kuliko yote yaliyokuwa yametolewa kwa Action Comics namba 1 hadi wakati huo. Uzito wa namba hiyo unaonekana kwenye mauzo ya jirani. Februari 2010 nakala ya daraja la 8.0 iliuzwa kwa dola milioni 1, jarida la kwanza kufikia kiasi hicho. Mwezi mmoja tu baadaye, nakala ya 8.5 iliuzwa kwa dola milioni 1.5. Nusu ya alama, ndani ya mwezi mmoja, iliongeza asilimia 50. Kwa hiyo 9.0 kuuzwa kwa dola 2,161,000 tarehe 30 Novemba 2011 katika mnada wa ComicConnect, kampuni ndugu ya Metropolis, kunafuata ngazi ileile: kutoka 1.5 hadi 2.16 ni ongezeko la asilimia 44. Ilikuwa mara ya kwanza jarida la katuni kuvuka dola milioni 2. Magazeti yalishangilia hadithi ya mwigizaji na mwizi, lakini ukiziweka namba hizo tatu pamoja utaona kwamba mwaka 2011 hadithi haikuongeza chochote kinachopimika. Daraja peke yake lilitosha kuieleza bei.

Chini kabisa ya ngazi hiyo kipo kisa kingine kinachosaidia kuona jinsi hali ya jarida inavyotawala bei. Mwaka 2013, mtu aliyekuwa akikarabati nyumba ya zamani aliyoinunua kwa dola 10,100 katika mji mdogo wa Minnesota alikuta Action Comics namba 1 ndani ya ukuta, katikati ya magazeti yaliyotumika kuzuia baridi. Katika vuta nikuvute ya wanafamilia waliochangamkia ugunduzi huo, jalada la nyuma lilichanika. Nakala ilipewa daraja la 1.5 na kuuzwa kwa dola 175,000, ambazo bado ni mara 17 ya bei ya nyumba nzima, lakini kuchanika kule kwa sekunde chache kuliiteremsha daraja na kumgharimu mwenye mali makumi ya maelfu ya dola. Mtu akikuta jarida la namna hii, kazi yake ya kwanza ni kuliacha lilale palepale mpaka apate bahasha ngumu na mikono mikavu.

Tukirudi juu, Agosti 2014 ilileta kipimo bora kuliko vyote. Nakala ya pili ya daraja la 9.0 iliuzwa kwenye mnada wa eBay kwa dola 3,207,852. Namba ya daraja ilikuwa sawasawa na ile ya nakala ya Cage, ilhali bei ilizidi kwa asilimia 48. Sehemu ya tofauti hiyo ni miaka karibu mitatu ya soko linalopanda. Sehemu nyingine ni rangi ya karatasi. CGC huandika ubora wa kurasa kwenye lebo kando ya daraja, na nakala ya 2014 ilikuwa na kurasa nyeupe, wakati ya Cage ilikuwa na kurasa za rangi ya malai zinazoelekea weupe. Kurasa nyeupe kwenye karatasi ya gazeti ya mwaka 1938 ni jambo la kustaajabisha. Maelezo yaliyotolewa na muuzaji ni kwamba mtu aliyeinunua ikiwa mpya aliiweka ndani ya sanduku la mti wa mwerezi katika milima ya West Virginia, ikakaa humo kwa miongo kadhaa katika baridi, ukavu na giza. Baridi hupunguza kasi ya asidi, ukavu huzuia kutu na ukungu, na giza huzuia mwanga usichome rangi za jalada. Hakuna chombo cha kisasa kilichotumika. Mazingira yalifanya kazi yote. Kwa mkusanyaji anayeishi katika joto na unyevu, iwe ni Florida au mwambao wowote wa bahari, somo la West Virginia lina maana ya fedha taslimu, na mfuko wa plastiki pekee hautamwokoa, kwani plastiki duni nayo hutoa kemikali zinazoharibu karatasi iliyomo ndani.

Walioinunua nakala hiyo ya 2014 walikuwa Fishler na mshirika wake Vincent Zurzolo, yaani watu walewale waliouza nakala ya Cage mwaka 2011 na ambao kampuni yao ilisimamia pia mauzo ya 2026. Nalitaja bila kumlaumu mtu. Soko la ngazi hii ni jembamba: nakala mbili tu za juu kabisa, wauzaji wachache, na wanunuzi ambao huenda wangetosha kwenye chumba kimoja. Mthamini anapaswa kukumbuka kwamba bei ya mnada wa wazi, ambapo watu wawili wameshindana mbele ya macho ya wote, ina nguvu ya ushahidi kuliko bei ya makubaliano ya faragha inayotangazwa na upande uliouza. Hiyo haifanyi dola milioni 15 kuwa za uongo. Inazifanya kuwa ushahidi wa mauzo mamoja, kati ya watu wawili ambao hawakutajwa, na si kipimo ambacho mwenye nakala nyingine anaweza kukishika na kudai mnunuzi amfuate.

Je, kiasi hicho kinaelezeka kwa daraja peke yake, kama ilivyokuwa mwaka 2011? Nimejaribu kukipima. Nakala za 8.5 zilitoka dola milioni 1.5 mwaka 2010 hadi dola milioni 6 katika mnada wa Heritage wa Aprili 2024, yaani mara nne. Kama nakala ya Cage ingepanda kwa kasi hiyohiyo, dola 2,161,000 zingefika kama milioni 8.6. Kisha Novemba 2025 toleo la kwanza la jarida la Superman, la mwaka 1939, la daraja la 9.0, liliuzwa Heritage kwa dola milioni 9.12. Kwa desturi Superman namba 1 huthaminiwa chini ya Action Comics namba 1 ya hali ileile, kwa kuwa Superman alikuwa amekwisha tokea. Kwa hiyo mwishoni mwa 2025 sakafu ya Action Comics namba 1 ya 9.0 ilikuwa juu ya milioni 9, na mtu mwenye tahadhari angeweka makisio yake mahali fulani kati ya milioni 10 na 12. Hesabu hiyo inaacha milioni kadhaa zisizo na maelezo ndani ya daraja, ndani ya rangi ya karatasi, wala ndani ya mwendo wa soko.

Sehemu hiyo iliyobaki naamini ni hadithi, na sasa nakubali kuipa nafasi ambayo sikuipa kwenye bei ya 2011. Sababu ni kwamba hadithi yenyewe imebadilika hali. Mwaka 2011 ilikuwa bado na harufu ya kesi: jarida limetoka kwenye ghala, bima imehusika, polisi wamehusika, na mnunuzi alipaswa kuridhika kwamba hakuna atakayemgongea mlango kudai mali yake. Miaka 14 ya umiliki usiopingwa iliondoa harufu hiyo. Kilichobaki ni masimulizi ambayo nakala nyeupe ya West Virginia, pamoja na ubora wake wote, haina: mwigizaji aliyetarajiwa kucheza Superman katika filamu iliyofutwa mwaka 1998, aliyempa mwanawe jina la Kal-El, jina la kuzaliwa la shujaa huyo, na aliyeibiwa jarida ambamo shujaa huyo alizaliwa. Wauzaji wengi hudhani hadithi huongeza thamani tangu siku inapoanza kusimuliwa. Nakala hii inaonyesha kwamba hadithi ya wizi huanza kulipa pale tu maswali ya umiliki yanapokuwa yamekwisha kufungwa, na hapo kabla ni mzigo unaovuta bei chini.

Kwa mthamini, basi, kazi ya karatasi zinazoambatana na jarida hili ni kubwa kama kazi ya karatasi za jarida lenyewe: ripoti ya wizi ya mwaka 2000, kumbukumbu za malipo ya bima na mapatano yaliyofuata, uthibitisho wa utambuzi wa 2011, lebo ya CGC, na hati za mauzo mawili. Ukiondoa mojawapo, hasa mapatano na bima, milioni 15 hazisimami. Ukiviacha vyote mahali pake, una kitu ambacho umiliki wake umechunguzwa kwa ukali kuliko wa nakala yoyote nyingine, kwa sababu nakala ambazo hazijawahi kuibiwa hazikuwahi kulazimishwa kujieleza. Nyingi ya hizo nyingine, kati ya zile 100 hivi, zinatoka kwenye visanduku vya wajomba na masoko ya mitumba ya miaka ya 1960, ambapo hakuna aliyeandika risiti.

Mmiliki wa sasa hakutaka jina lake litajwe. Nakala imo ndani ya kasha lililofungwa, kurasa zake zilihesabiwa kabla ya kufungwa, na atakayetaka kuisoma hadithi ya Siegel na Shuster katika karatasi hii italazimu avunje plastiki na kupoteza namba iliyo kwenye lebo.